Wimbi Lisilo na Haraka

Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikiadhimisha miaka 7 ya uhuru, roketi ya Kimarekani aina ya Scout iliruka kutoka jukwaa la chuma lililosimamishwa baharini mbele ya Ngomeni, kaskazini mwa Malindi. Jukwaa hilo, San Marco, lilikuwa la Waitalia, na Waitalia ndio walioirusha. Ilibeba setilaiti ndogo, ya kwanza duniani kuundwa kwa kazi moja tu: kutafuta angani vitu vinavyotoa miale ya eksirei, ile ile inayotumika hospitalini kupiga picha za mifupa. Marjorie Townsend, mhandisi wa NASA aliyesimamia mradi, aliipa jina la sikukuu ya wenyeji wake. Ikaitwa Uhuru.

Ilifanya kazi hadi Machi 1973. Orodha ya nne na ya mwisho ya vitu ilivyoviona, iliyochapishwa mwaka 1978, ina vyanzo 339, na vingi kati yake huitwa mpaka leo kwa namba zinazoanza na 4U. Nilipoziona herufi hizo kwa mara ya kwanza nilidhani ni msimbo wa kompyuta. Kumbe 4 ni orodha ya nne, na U ni Uhuru. Kimoja cha vyanzo hivyo, 4U 1820-30, ni nyota mbili zilizokaribiana mno, moja ikiizunguka nyingine kwa dakika 11 na sekunde 25. Hilo lilijulikana mwaka 1987. Mwaka mzima wa huko huisha kabla chai haijapoa kikombeni.

Vitu vizito vikizungukana kwa kasi namna hiyo, anga lenyewe hutikisika. Mtikisiko huo husafiri kwa mwendo wa nuru, na popote unapopita, hunyoosha na kubana kila kitu kwa kiasi kidogo kisichofikirika: bahari, milima, na wewe msomaji pamoja na gazeti lako. Wataalamu huuita mawimbi ya mvutano. Kelele nyingi zilizowahi kupigwa magazetini juu ya mawimbi haya zilihusu yale ya haraka, yaliyonaswa tarehe 14 Septemba 2015 na mitambo ya LIGO nchini Marekani. Hayo yalitoka kwenye mashimo meusi mawili yaliyogongana, yakapita kwa muda wa sehemu ya tano ya sekunde. Wanasayansi watatu walioongoza kazi ya mitambo hiyo walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2017, na walistahili.

Lakini mvuvi wa pwani anajua kwamba bahari haina mwendo mmoja. Kuna wimbi linalopiga ngalawa ubavuni likapita, na kuna bamvua. Bamvua haimrushii mtu maji usoni. Asiyeweka alama kwenye nguzo ya gati hatajua maji yamepanda kiasi gani. Makala haya yanahusu bamvua ya mbinguni: mawimbi ya masafa ya chini, ambayo wimbi moja huchukua dakika, saa, hata miaka kumi na zaidi kupita. Historia yake ni ndefu, na imejaa watu waliokosea. Walioijenga hasa ni wale waliokosea wakasema.

Wa kwanza kukosea alikuwa mwenye nadharia mwenyewe. Albert Einstein aliandika juu ya mawimbi haya Juni 1916, miezi michache baada ya kukamilisha nadharia yake ya uhusianifu. Hesabu zile zilikuwa na kosa, akazisahihisha mwaka 1918. Mwaka 1936, akishirikiana na Nathan Rosen, aligeuka kabisa. Walipeleka makala kwenye jarida la Physical Review wakidai kwamba mawimbi hayo hayapo. Mhariri akampa mtaalamu mwingine ayasome, na mtaalamu akaona ufa. Einstein alikasirika, akamjibu mhariri kwamba hakumpa ruhusa ya kuonyesha kazi yake kwa mtu kabla ya kuchapishwa, akaiondoa. Ilipotoka mwaka uliofuata katika jarida lingine, hitimisho lilikuwa limeshabadilika: yule msomaji alikuwa sahihi. Jina la msomaji, Howard Percy Robertson, lilithibitishwa hadharani mwaka 2005, wote wawili wakiwa kaburini.

Ubishi uliendelea hadi Januari 1957, kwenye mkutano wa Chapel Hill, North Carolina. Swali lilikuwa la kitoto kwa sura: mawimbi haya yana nguvu ya kufanya kazi, au ni hesabu tu karatasini? Richard Feynman alilijibu kwa ushanga. Chukua kijiti, alisema, uvike shanga mbili zinazoteleza kwa shida. Wimbi likipita litazisukuma mbele na nyuma, zitasugua kijiti, na kijiti kitapata joto. Kilichopata joto kimepewa nguvu, na kinachotoa nguvu kipo. Baada ya hapo wachache waliuliza kama mawimbi yapo. Swali likawa: tutayanasaje?

Aliyelichukua swali hilo kwa moyo wote alikuwa Joseph Weber wa Chuo Kikuu cha Maryland, aliyekuwa kwenye mkutano ule. Alitundika mapipa mazito ya alumini, akangoja yalie kama kengele, na mwaka 1969 akatangaza kwamba yamelia. Dunia ya fizikia ilisimama. Kisha maabara kadhaa zikajenga mapipa yao, mengine bora kuliko yake, nayo yakakaa kimya. Weber hakukubali. Alifariki mwaka 2000 akiamini kwamba alisikia. Sioni haki kumcheka mtu huyu, kwa sababu kabla yake hapakuwa na aliyethubutu hata kujaribu, na wengi waliojenga mitambo iliyofaulu waliingia uwanjani kwa ajili ya kumpinga au kumthibitisha. Lakini historia imemhukumu, na imemhukumu kwa haki.

Jambo lisilosimuliwa sana ni kwamba Weber alijaribu pia kunasa mawimbi ya taratibu, na kengele aliyoichagua safari hii ilikuwa Mwezi. Kwa hesabu yake, Mwezi ni mpira mkubwa mtulivu: hauna bahari, hauna upepo, hauna malori. Wimbi la mvutano likiupitia, ungetikisika polepole, na kipimo kilichowekwa juu ya udongo wake kingeonyesha. Chombo kilijengwa, na Desemba 1972 wanaanga wa Apollo 17, Gene Cernan na Harrison Schmitt, wakakiweka mahali pake. Kikawashwa, na mkono wake wa ndani ukagoma kukaa katikati. Schmitt, ambaye ni mwanajiolojia na alikuwa na mawe mengi ya kuokota, alirudi kwenye chombo hicho tena na tena, akikigonga na kukitikisa kwa amri kutoka Duniani, kama fundi wa redio anayepiga kofi sanduku ili liongee. Haikusaidia. Baadaye ilijulikana kwamba waliokitengeneza walikosea hesabu ya vijiuzito vya kusawazisha mkono: Mwezi huvuta kwa sehemu ya sita tu ya mvuto wa Dunia, na vijiuzito vilitoka vyepesi kuliko inavyotakiwa kwa asilimia 2 hivi. Chombo kilisafirishwa kilomita 380,000 kikaangushwa na hesabu ya kugawanya.

Wakati huo huo suluhisho lilikuwa limeshapatikana bila mtu kulitafuta, katika shamba nje ya mji wa Cambridge, Uingereza.

Jocelyn Bell alikuwa mwanafunzi wa uzamivu aliyetokea Ireland ya Kaskazini. Yeye na wenzake walitumia miaka miwili kupigilia nguzo zaidi ya 1,000 na kuvuta nyaya juu yake, mpaka shamba zima likawa darubini moja ya redio. Darubini ilipoanza kazi mwaka 1967, ilichora ilichosikia kwa kalamu juu ya karatasi inayojiviringisha, takriban mita 30 kwa siku. Kompyuta ya kuzisoma haikuwepo. Msomaji alikuwa Bell mwenyewe. Mbingu ikimalizwa mzunguko mmoja ilikuwa imetumia kama mita 120 za karatasi, na ndani ya mita hizo aliona chakaruchakaru isiyofika sentimita moja, isiyofanana na nyota wala na kelele za magari. Mwingine angeipita. Yeye alikumbuka kwamba aliwahi kuiona kabla, sehemu ile ile ya mbingu. Tarehe 28 Novemba, karatasi ikipita chini ya kalamu kwa kasi zaidi, chakaruchakaru ilijifungua ikawa mapigo, kila moja baada ya sekunde 1.34, sawasawa kama moyo wa mtu aliyelala.

Kwa utani waliipa jina la viumbe wadogo wa kijani kutoka sayari nyingine. Kumbe ilikuwa nyota iliyokufa: uzito unaozidi wa Jua letu umebanwa ndani ya mpira wa kipenyo cha kilomita 20 hivi, unaozunguka na kumulika redio kama mnara wa taa wa bandarini. Vitu hivi tunaviita pulsa. Tuzo ya Nobel ya mwaka 1974 ilikwenda kwa msimamizi wake, Antony Hewish, pamoja na Martin Ryle. Bell hakuitwa. Mwenyewe hajawahi kulilalamikia sana. Alipopewa tuzo nyingine ya dola milioni 3 mwaka 2018, alizitoa zote zisomeshe wanafunzi wa fizikia wanaotoka kwenye makundi yaliyoachwa nyuma. Mimi nitalalamika kwa niaba yake.

Mwaka 1974 pulsa zilianza kulipa deni la mawimbi. Russell Hulse na Joseph Taylor, wakitumia darubini ya mita 305 ya Arecibo, Puerto Rico, walikuta pulsa inayozungukana na nyota nyingine iliyokufa kila saa 7 na dakika 45. Kwa miaka wakaipima, na mzunguko ule ukawa unafupika kwa takriban sehemu 76 za milioni za sekunde kila mwaka. Nguvu ilikuwa inapotea mahali fulani, na kiasi kilichopotea kilikuwa kile ambacho nadharia ya Einstein ilisema kingebebwa na mawimbi ya mvutano. Hakuna aliyeyaona mawimbi yenyewe, ila sasa shimo la mfukoni lilikuwa limeonekana, na fedha zilizodondoka zilikuwa zimehesabiwa. Hao walipata Nobel yao mwaka 1993.

Sasa tufike kwenye wazo kuu, ambalo lilizaliwa mara mbili. Mikhail Sazhin, Moscow, mwaka 1978, na Steven Detweiler, Chuo Kikuu cha Yale, mwaka 1979, walijiuliza jambo moja. Pulsa ni saa. Kati ya saa hiyo na sisi kuna miaka elfu ya nuru. Wimbi kubwa la mvutano likipita katikati, njia hurefuka kidogo au kufupika kidogo, na pigo la saa litachelewa au kuwahi. Basi kwa nini kujenga mtambo? Galaksi nzima ni mtambo ulioshajengwa. Kinachotakiwa ni mtu wa kukaa na kuandika saa zinavyopiga.

Tatizo ni kwamba pulsa za Bell hazikuwa saa nzuri vya kutosha. Mwaka 1982 Don Backer na wenzake wakapata nyingine, tena Arecibo, inayozunguka mara 642 kwa sekunde. Hebu ifikirie: kitu kizito kuliko Jua, chenye ukubwa wa jiji, kinazunguka kwa kasi kuliko mashine ya kusagia nyanya jikoni. Pulsa za jamii hii ni thabiti ajabu. Iliyo bora hutabirika kwa miaka hadi chini ya sehemu moja ya milioni ya sekunde.

Mwaka uliofuata, Ron Hellings na George Downs wa maabara ya JPL, California, waliandika hesabu ambayo kazi yote ya leo inaiegemea. Naomba msomaji anivumilie hapa. Tuseme pulsa yako imechelewa. Nani mkosaji? Huenda ni saa yako mwenyewe ya Duniani; lakini saa ya ukutani ikikosea, wageni wote huonekana wamechelewa kwa kiasi kile kile, watoke Mbagala au Kigamboni. Huenda hujui sawasawa Dunia ipo wapi. Hapo wa upande mmoja wa mbingu wataonekana kuwahi na wa upande wa pili kuchelewa. Wimbi la mvutano lina tabia yake. Hunyoosha upande mmoja huku likibana upande wa kuvukana nao. Kwa hiyo pulsa mbili zilizo karibu angani zitachelewa na kuwahi kwa pamoja. Mbili zilizoachana kwa karibu nyuzi 90 zitapingana. Na mbili zinazotazamana kutoka ncha za mbingu zitaanza tena kukubaliana. Ukichora mkunjo wa makubaliano hayo unapata umbo la bakuli lililoinama upande mmoja. Hakuna saa mbovu wala gari lipitalo linaloweza kuchora umbo hilo. Wao walikuwa na pulsa 4 tu, hazikutosha kuona kitu. Walichoacha ni alama ya vidole ya mhalifu, miaka 40 kabla hajakamatwa.

Suala la kujua Dunia ilipo si dogo, na lina kisa chake. Julai 1991, Andrew Lyne wa Jodrell Bank, Uingereza, na wenzake walitangaza kwamba wamegundua sayari inayozunguka pulsa. Ilikuwa habari ya dunia nzima, maana wakati huo hakuna sayari yoyote nje ya mfumo wa Jua iliyokuwa imethibitishwa. Sayari yao ilikuwa na mwaka wa miezi 6. Baada ya muda Lyne akaanza kukosa usingizi: miezi 6 ni nusu kamili ya mwaka wetu. Akarudia hesabu na kukuta kwamba mahali pa pulsa angani paliingizwa vibaya kidogo, hivyo mwendo wa Dunia kulizunguka Jua haukuondolewa wote. Sayari ilikuwa kivuli cha Dunia yenyewe. Januari 1992 alipanda jukwaani Atlanta mbele ya mamia ya wanaastronomia waliokuja kusikia juu ya sayari ile, akawaeleza kwamba haipo na kosa ni lake. Muungwana akivuliwa nguo huchutama, na Lyne alichutama. Ukumbi mzima ukasimama na kumpigia makofi. Msemaji aliyemfuata, Alex Wolszczan, alikuwa na sayari za pulsa nyingine. Zile zilikuwepo kweli.

Nakitaja kisa hiki kwa sababu Lyne na darubini yake wamo katika kazi ya mawimbi ya taratibu, na kosa lile lile liliwasumbua wote waliofuata. Ili kunasa wimbi la miaka kumi, lazima ujue kitovu cha mfumo wa Jua kilipo kwa makosa ya mita mia chache tu. Mshtarii, sayari kubwa kuliko zote, hulizunguka Jua kwa takriban miaka 12 na kulivuta kidogo huku na huku. Mwendo huo ukikosewa, hujifanya wimbi. Mwaka 2018 watafiti wa Marekani walikiri kwamba data zao za miaka 11 hutoa majibu tofauti kulingana na ramani ipi ya sayari unayotumia. Wangeweza kuchagua ramani iliyowapa jibu tamu.

Hao walikuwa kundi la NANOGrav, lililoundwa mwaka 2007. Australia walitangulia, mwaka 2004, kwa darubini ya Parkes. Ulaya walifuata mwaka 2006, wakiunganisha darubini za Ujerumani, Ufaransa, Uholanzi, Italia na Uingereza. Baadaye wakaja Wahindi, na Wachina na darubini yao ya FAST yenye mita 500. Kazi yenyewe haina mvuto wa kuhadithiwa. Kila wiki mbili, tatu, unaielekeza darubini kwenye pulsa ile ile, unaandika muda wa mapigo, unahamia nyingine. Unarudia miaka 15. Mwanafunzi anayeanza uzamivu hupokea data zilizokusanywa na watu wasiokuwepo tena chuoni, na ataziacha kabla hazijaiva. Don Backer, aliyetoa saa ya kwanza nzuri, na ambaye mwaka 1990 aliandika pamoja na Roger Foster jinsi ya kuzipanga pulsa kuwa mtambo mmoja, alifariki mwaka 2010. Detweiler alifariki Januari 2016.

Arecibo nayo ilikufa. Agosti 2020 kebo moja ilichomoka, Novemba nyingine ikakatika, na alfajiri ya tarehe 1 Desemba jukwaa la tani 900 lililoning'inia juu ya sahani liliporomoka na kuitoboa. Darubini iliyompa Hulse pulsa yake na kumpa Backer ya kwake iligeuka chuma chakavu. Data zake zilikuwa zimeshahifadhiwa.

Ndipo mwishoni mwa Juni 2023, makundi yakatangaza kwa siku moja: Wamarekani wakiwa na pulsa 67 na data za miaka 15, Wazungu pamoja na Wahindi wakiwa na pulsa 25, Waaustralia, na Wachina. Kila kundi lilichora mkunjo wake, na bakuli la Hellings na Downs likaanza kuonekana. Tazama lugha waliyoitumia. Walisema wana ushahidi. Neno ugunduzi waliliepuka. Kwa desturi ya fizikia, ugunduzi ni pale bahati mbaya inapobaki na nafasi moja katika milioni 3 na nusu hivi ya kukudanganya, na wao hawakuwa wamefika hapo. Waaustralia walikuwa wanyonge zaidi kwenye madai yao, wakaeleza wazi kwamba ishara yao ilionekana kubadilika nguvu kadiri miaka ilivyokwenda. Baada ya Weber, hakuna aliyetaka kuwa Weber. Desemba 2024 kundi la darubini ya MeerKAT, iliyo katika nyika ya Karoo, Afrika Kusini, lilileta pulsa 83 zilizopimwa kwa miaka minne na nusu, nalo likaona dalili zinazoelekea huko huko. Jirani na MeerKAT inajengwa darubini kubwa zaidi ya SKA, na Kenya ni mojawapo ya nchi nane za Afrika zilizoshirikishwa katika mradi huo.

Nini kinachotikisa? Jibu linalopewa uzito ni mashimo meusi makubwa. Katikati ya galaksi yetu, Njia Nyeupe, lipo moja lenye uzito wa Jua milioni 4 hivi. La galaksi ya M87, lililopigwa picha iliyotolewa Aprili 2019, lina uzito wa Jua bilioni 6.5. Galaksi mbili zikigongana, mashimo yao huzama kuelekea katikati na kuanza kuzungukana, kama walivyoeleza Begelman, Blandford na Rees mwaka 1980. Mzunguko mmoja huweza kuchukua miaka. Jozi za namna hii zilizotapakaa ulimwenguni zinatikisa kwa pamoja, na kinachotufikia ni mchanganyiko wake, kama mngurumo wa bahari unaousikia ukiwa bado barabarani kabla hujaona maji.

Kuna fumbo hapo ndani. Hesabu za zamani zilionyesha kwamba mashimo mawili yakikaribiana hadi kama miaka 3 ya nuru, nyota za kuyapunguzia mwendo huisha, na yangekwama hapo, yakizungukana milele bila kukutana. Ikiwa mngurumo tunaousikia unatoka kwao, basi hayakwami; kitu fulani huyasukuma. Wapo pia wanaosema mngurumo si wa mashimo meusi hata kidogo, ni mwangwi wa mambo yaliyotokea punde baada ya ulimwengu kuanza. Binafsi naweka shilingi yangu kwenye mashimo. Miaka kumi ijayo itanionyesha kama nimeliwa.

Kati ya mawimbi ya sehemu ya sekunde na mawimbi ya miaka kumi, limebaki pengo: yale ya dakika na saa. Hapo ndipo 4U 1820-30 inapotikisa, wimbi moja kila dakika 5 na sekunde 42 au zaidi kidogo, kwa kuwa kila mzunguko hutoa mawimbi mawili. Duniani hayanasiki, ardhi yenyewe hutikisika zaidi kwa masafa hayo, hata kwa mawimbi ya bahari kupiga mwamba. Dawa ni kwenda angani. Mradi wa LISA ulipelekwa mbele ya shirika la anga la Ulaya, ESA, mwaka 1993. Muundo wake wa sasa ni vyombo vitatu vitakavyolizunguka Jua kwa umbo la pembetatu, kila upande kilomita milioni 2.5, vikimulikana kwa leza. Umekuwa mradi wa kuahirishwa. Mwaka 2011 NASA ilijitoa kwa kukosa fedha, ukapunguzwa, baadaye NASA ikarudi.

Kilichouokoa ni jaribio dogo. Desemba 2015 ESA ilirusha chombo kilichobeba miche mraba miwili ya dhahabu na platini, kila mmoja wa milimita 46, ambao ungejaa kiganjani lakini una uzito wa kilo 2 hivi. Miche ile iliachwa ielee huru ndani ya chombo, sentimita 38 kutoka mmoja hadi mwingine, isiguswe na kitu chochote. Chombo kilikuwa na kazi ya kujisogeza pembeni kila kilipokaribia kuigusa, kama mama anayembeba mtoto aliyelala. Miche ilitulia kupita hata matarajio ya waliotunga mradi. Tarehe 25 Januari 2024 ESA iliidhinisha LISA rasmi, na safari imepangwa mwaka 2035.

Msomaji asiye na darubini anaweza kupaona mahali penyewe. Usiku wa Julai au Agosti, mnamo saa 4, inua macho juu kabisa penye ukungu wa Njia Nyeupe. Hapo pana kundi la nyota la Mshale, ambalo mabaharia wetu waliliita Kausi, yaani upinde. Nyota ya katikati ya upinde huitwa Kaus Media hata katika vitabu vya Ulaya. Karibu sana nayo, pasipoonekana kwa macho matupu, ndipo ilipo 4U 1820-30, na kama umesoma makala haya kwa mwendo wa kawaida, tangu roketi ilipoondoka Ngomeni hadi hapa imeshamaliza mzunguko mmoja.